Baba Aliponyamaza: Dina, Tamari na Upanga wa Ndugu

Sura ya 34 ya kitabu cha Mwanzo inaishia kwenye swali, na swali lenyewe halijibiwi. Simeoni na Lawi wametoka kuua wanaume wa mji mzima. Baba yao analalamika, nao wanamuuliza kama ilikuwa sawa dada yao kufanywa kahaba. Yakobo hasemi neno. Msimuliaji naye anakunja jamvi. Mungu, ambaye mwisho wa sura ya 33 amejengewa madhabahu na mwanzo wa sura ya 35 anamwamuru Yakobo apande Betheli, hatajwi hata mara moja katika aya 31 za sura hii.

Wasomaji wamelijaza pengo hilo kwa kuchagua upande. Wapo wanaosema vijana walitetea heshima ya dada yao na mzee alikuwa mwoga. Wengine wanasema mzee alikuwa na busara na vijana walikuwa wauaji. Mimi naona pande zote mbili zinachelewa kuanza kuhesabu. Kisasi hiki hakikuanza siku upanga ulipochomolewa. Kilianza siku baba aliposikia habari akanyamaza. Wala si mara moja tu jambo hili linasimuliwa. Maandiko ya Kiebrania yanalirudia katika nyumba ya mfalme Daudi, karibu hatua kwa hatua: binti anaharibiwa, baba mwenye mamlaka hafanyi kitu, ndugu anapanga hila mahali palipohitaji hukumu, na mambo yakiisha binti yuko palepale alipokuwa.

Yakobo alikuwa ametoka kwa mjomba wake Labani na wake wanne, watoto na mifugo. Alifika nje ya mji wa Shekemu akanunua kwa wana wa Hamori kipande cha ardhi cha kupiga hema yake, kwa vipande 100 vya fedha. Basi hakuwa mpita njia. Alikuwa amelipa, amepata pa kukaa, na ana majirani. Mji huo ulikuwa katika bonde lililo kati ya mlima Ebali na mlima Gerizimu; magofu yake yako Tell Balata, pembeni mwa Nablus ya leo, na wachimbuzi walianza kuyafukua mwaka 1913. Dina, binti wa Lea, alitoka kwenda kuwaona mabinti wa nchi ile. Kijana aliyeitwa Shekemu, kama mji wenyewe, mwana wa Hamori mkuu wa nchi, akamwona, akamtwaa, akalala naye, akamdhalilisha. Baada ya hapo ndipo tunaambiwa moyo wake uliambatana naye, akampenda, akasema naye maneno ya kumtuliza, kisha akamwomba baba yake amwoze.

Kuna wasomi wa miaka ya karibuni waliouliza kama kweli kilichotokea ni ubakaji, kwa hoja kwamba mbakaji hampendi aliyembaka wala hamsemezi kwa upole. Sikubaliani nao. Upendo unaokuja baada ya kumtwaa mtu haubadilishi namna alivyotwaliwa. Isitoshe, kuna jambo ambalo msimuliaji amelificha makusudi hadi aya ya 26: wakati wote wa mazungumzo ya posa, Dina alikuwa ndani ya nyumba ya Shekemu. Tunaligundua tu Simeoni na Lawi wanapomtoa humo baada ya mauaji. Rudi sasa usome upya ile hotuba tamu ya Hamori. Anakuja kwa Yakobo na maneno ya ujirani mwema: tuoane, kaeni kwetu, fanyeni biashara, jipatieni mali. Mwanawe anaongeza kwamba wataje mahari na zawadi zozote, atatoa. Hakuna anayeomba radhi. Hakuna anayesema binti atarudishwa kwanza ndipo wazungumze. Bei inatajwa huku bidhaa iko tayari ghalani kwa mnunuzi.

Kwa sheria za wakati huo, mahari baada ya kosa si jambo la ajabu. Kutoka sura ya 22 inasema mtu akimshawishi bikira asiyeposwa na kulala naye, atatoa mahari na kumwoa, na baba akikataa, fedha italipwa vilevile. Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inataja shekeli 50 za fedha kwa baba, na mume kukatazwa kumwacha mke huyo maisha yake yote. Kwa hiyo Hamori na mwanawe walikuwa wanafuata utaratibu ambao hata wazao wa Yakobo wangeukuta katika torati yao. Msomaji wa huku kwetu hahitaji kufafanuliwa sana. Kaskazini mwa Kenya maslaha, yaani usuluhishi wa wazee, huhesabu ngamia huku binti hayuko barazani, na sehemu nyingine za Afrika Mashariki neno ni "kuyamaliza kifamilia". Anayelipwa ni nani, huwa linajulikana. Aliyeumizwa anataka nini, haliulizwi.

Yakobo, tunaambiwa, alisikia kwamba Dina amenajisiwa, na wanawe walikuwa malishoni pamoja na mifugo, naye akanyamaza mpaka waliporudi. Watetezi wake husema alikuwa akisubiri nguvu. Inawezekana; mzee peke yake hawezi kuukabili mji. Lakini wanawe waliporudi hakufungua kinywa. Hamori alikuja kuzungumza na Yakobo, aliyejibu ni wana wa Yakobo. Sharti likawekwa, likakubaliwa, siku tatu zikapita, na katika muda wote huo baba hana hata sentensi moja. Sentensi yake ya kwanza katika sura hii inakuja kwenye aya ya 30, baada ya maiti na nyara, nayo inamhusu yeye mwenyewe: mmenitaabisha, mmenifanya ninuke kwa Wakanaani na Waperizi, sisi tu wachache, watanipiga, nitaangamia mimi na nyumba yangu. Jina la Dina halimo.

Mtu atasema hiyo ni tabia ya wazee wa zamani. Lakini tunaujua uchungu wa Yakobo ukoje anapoumia kwa kweli. Sura tatu mbele analetewa kanzu ya Yusufu yenye damu. Anararua mavazi, anavaa gunia, anakataa kufarijiwa, anasema atashuka kaburini akiomboleza. Yusufu ni mwana wa Raheli, mke aliyempenda. Dina ni binti wa Lea, mke aliyepewa kwa hila. Na watoto wa Lea walikuwa wanajua nafasi yao, kwani siku Yakobo alipokwenda kukutana na kaka yake Esau akihofia kuuawa, alipanga msafara: vijakazi na watoto wao mbele, Lea na wanawe nyuma yao, Raheli na Yusufu mwisho kabisa. Kama upanga wa Esau ungeshuka, mtoto alikuwa anaona kwa macho yake ni nani angeanza na ni nani angeponea. Simeoni na Lawi, mwana wa pili na wa tatu wa Lea, walikuwa katika safu ile ya kati pamoja na dada yao. Waliposikia kimya cha baba juu ya Dina, sidhani walihitaji mkalimani.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa hasira yao, na kuielewa si kuitetea. Wangeweza kukataa posa na kumdai dada yao. Wangeweza kutangaza vita. Walichochagua ni hila, na hila ya aina ambayo ni vigumu kuipatia mfano mwingine: walitumia tohara. Katika Mwanzo sura ya 17 tohara ni alama ya agano kati ya Mungu na Abrahamu, mwilini mwa kila mwanamume wa nyumba yake, hata mgeni aliyenunuliwa kwa fedha. Wana wa Yakobo waliigeuza kuwa dawa ya kulaza maadui. Siku ya tatu, wanaume wa mji wakiwa na maumivu, ndugu wawili waliingia wakawaua wote. Kuua kwa hasira kumejaa katika Maandiko. Kuugeuza mlango wa kuingilia katika agano kuwa mtego, hilo ni la kwao. Nani baada ya hapo angeamini mwaliko wa mtu wa nyumba ya Israeli?

Hila, kwa upande mwingine, haikuwa ngeni nyumbani kwao. Baba yao alivaa ngozi za mwana-mbuzi akamdanganya mzee Isaka aliyekuwa haoni, akachukua baraka ya kaka yake. Labani akamlipa kwa sarafu hiyohiyo gizani, usiku wa arusi, akimpa Lea badala ya Raheli. Raheli aliiba vinyago vya baba yake akavikalia. Na baadaye wana hawahawa watachinja mbuzi, wachovye kanzu ya Yusufu katika damu, wamwulize baba kwa sauti ya upole kama anaitambua. Msimuliaji wa Mwanzo hatoi hotuba juu ya jambo hili. Anaweka mbuzi wa kwanza na mbuzi wa pili, anatuachia hesabu.

Wala hila haikuwa ya upande mmoja. Mbele ya Yakobo, Hamori alizungumza habari ya kuoana na kuishi pamoja. Aliporudi langoni kwa wanaume wa mji wake, wimbo ukabadilika: mifugo yao na mali zao na wanyama wao wote, je, havitakuwa vyetu? Kosa la mwanawe hakulitaja. Watu wa mji walitahiriwa kwa tamaa ya ng'ombe wa wageni, wakafa bila kujua walikuwa wanalipia nini.

Tufike kwenye sehemu ambayo wahubiri huipita mbio. Baada ya Simeoni na Lawi kuua, ndugu wengine walikuja juu ya maiti wakauteka mji. Sababu inatajwa: kwa kuwa walimnajisi dada yao. Kisha inakuja orodha: kondoo, ng'ombe, punda, vya mjini na vya shambani, mali yote, watoto wote, na wake zao, na vyote vilivyokuwa majumbani. Kisasi cha heshima kilirudi nyumbani na mifugo. Tena kilirudi na wanawake. Wanawake wa Shekemu walitwaliwa kwa nguvu na wanaume wageni, wakapelekwa katika hema zisizo zao, hawakuulizwa, na hakuna hata mmoja wao aliyetajwa kwa jina. Kilichomtokea Dina mmoja kiliutokea mji mzima wa akina Dina, na waliokifanya ni wale waliosema hakivumiliki. Sijui kama msimuliaji angeweza kulisema jambo hili kwa ukali zaidi ya alivyolisema, kwa kuziweka aya ya 27 na ya 29 karibu namna ile na kukaa kimya.

Waliokuja baadaye hawakuweza kukiacha kimya hicho. Kitabu cha Yubilei, ambacho Kanisa la Orthodox la Ethiopia linakihesabu katika Biblia yake, kinasema Dina alikuwa na miaka 12, na kinamsifu Lawi kiasi cha kudai kwamba uzao wake ulichaguliwa kwa ukuhani kwa sababu ya bidii yake siku ile. Yudithi, katika kitabu ambacho Wakatoliki wanacho na Waprotestanti wengi hawana, anamwomba Mungu wa baba yake Simeoni, aliyempa upanga wa kuwalipiza wageni. Naye anaomba hivyo akiwa anajiandaa kumhadaa jemadari Holoferne na kumkata kichwa. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, alipowasimulia Wagiriki na Warumi habari hii aliiacha tohara kabisa. Kwake wanaume wa mji waliuawa wakati wa sherehe, wakiwa wamelala baada ya karamu. Ukiona mtetezi wa taifa lake anafuta sehemu moja tu ya hadithi, jua ndiyo iliyomwuma.

Rashi, mfasiri mkubwa wa Kiyahudi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, alirejea mafundisho ya zamani yaliyomwonyesha Dina kidole: ameitwa binti wa Lea kwa kuwa alikuwa mtokaji kama mama yake, ambaye alitoka kumlaki Yakobo. Mahubiri ya namna hiyo yapo hadi leo, hata kwa Kiswahili. Binti anaonywa akae nyumbani asije akawa Dina. Ni ajabu jinsi sura yenye mbakaji, wadanganyifu, wauaji na waporaji inavyoweza kumalizika kwa kumlaumu msichana aliyekwenda kutembelea wenzake.

Hoja iliyonigusa kuliko zote ni ya Musa bin Maimuni, mwanasheria na tabibu wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204. Yeye aliuliza: kwa nini mji mzima ulistahili kufa kwa kosa la mtu mmoja? Akajibu kwamba wana wote wa Nuhu, yaani wanadamu wote, wameamriwa kuweka mahakama. Watu wa Shekemu waliona, wakajua, hawakumhukumu kijana wao. Kwa hiyo hatia ikawa yao. Nahmani, mfasiri wa Kiyahudi wa Hispania wa karne ya 13, alimpinga: kama ingekuwa hivyo, Yakobo ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuchukua upanga, na asingewalaani wanawe kwa kutimiza wajibu. Mabishano hayo ni ya wanasheria, lakini yametia kidole penye jeraha. Maimuni ameona kwamba shina la maafa ni kesi ambayo haikusikilizwa. Alichokiacha ni kwamba kesi hiyo haikusikilizwa katika nyumba mbili. Hamori hakumhukumu mwanawe, na Yakobo hakumdai binti yake.

Kwenye 2 Samweli sura ya 13 mambo yanarudi, safari hii ndani ya familia moja. Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa Daudi, anamtamani Tamari, dada yake wa baba mmoja. Binamu yao Yonadabu, anayetajwa kuwa mtu wa hila sana, anamfundisha ajifanye mgonjwa. Daudi anakuja kumjulia hali, Amnoni anaomba Tamari aje amwandalie mikate mbele ya macho yake, na mfalme mwenyewe anatuma ujumbe kwa binti: nenda nyumbani kwa ndugu yako.

Tofauti kubwa na Mwanzo ni kwamba Tamari anasema, na anasema vizuri kuliko mwanamume yeyote katika sura hiyo. Anamwambia Amnoni kwamba jambo hili halitendeki katika Israeli. Anamwuliza aibu yake ataipeleka wapi. Anamkumbusha kwamba yeye Amnoni naye atakuwa kama mmoja wa wapumbavu. Anamtafutia hata njia ya kutokea: sema na mfalme, hatakunyima. Hakumsikia. Alipokwisha kumharibu akamchukia kuliko alivyokuwa amempenda, akamfukuza, naye akamjibu kwamba kumfukuza huku ni uovu mkubwa kuliko ule wa kwanza. Mtumishi akamtoa nje akafunga mlango. Tamari akatia majivu kichwani, akararua vazi lake la binti wa mfalme, akaenda zake akilia kwa sauti. Hakuficha. Alipeleka mashtaka yake njiani.

Na akajibiwa nini? Ndugu yake wa tumbo moja, Absalomu, alimwambia anyamaze, kwa kuwa huyo ni ndugu yake, asilitie jambo hili moyoni. Daudi alipopata habari zote alikasirika sana. Nukta. Tafsiri ya kale ya Kigiriki inaongeza kwamba hakumhuzunisha Amnoni kwa kuwa alimpenda, maana alikuwa mzaliwa wake wa kwanza. Hata bila nyongeza hiyo sababu nyingine inaonekana: mwanamume aliyemtwaa Bathsheba na kumwua mumewe kwa barua, angeanzia wapi kumhukumu mwanawe? Kimya cha Yakobo kilitokana na kutojali. Cha Daudi, nadhani, kilitokana na kujijua. Matokeo yakawa sawa.

Absalomu alisubiri miaka miwili mizima. Hakumsemesha Amnoni neno, jema wala baya. Kisha akaandaa karamu ya kukata kondoo manyoya kule Baal-hasori, akamwalika mfalme akijua atakataa, akaomba basi Amnoni aende. Daudi akasita, akasihiwa, akakubali. Hii ni mara ya pili mfalme kumtuma mtoto wake kwenye mtego kwa kinywa chake mwenyewe. Amnoni alipochangamka kwa divai, watumishi wakamwua. Anayejitokeza kumtuliza Daudi ni Yonadabu yuleyule: usidhani wameuawa wote, ni Amnoni peke yake, Absalomu alikusudia hili tangu siku ile. Alijua tangu siku ile! Sijawahi kuelewa kwa nini hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi miaka miwili.

Je, Absalomu aliua kwa ajili ya Tamari? Alimpenda dada yake; binti yake mwenyewe alimwita Tamari. Lakini Amnoni alikuwa mrithi, na kifo chake kilimsogeza Absalomu kuelekea kiti cha enzi. Ng'ombe wa Shekemu na taji la Daudi vinafanana kwa hilo: heshima ya dada ililipa faida. Angalia pia alivyojenga uasi wake baadaye. Aliamka mapema, akasimama kando ya njia ya langoni, na kila mwenye kesi alimwambia: madai yako ni mema na ya haki, ila hakuna aliyewekwa na mfalme kukusikiliza, laiti mimi ningewekwa kuwa mwamuzi! Watu walimwamini. Kwa nini wasimwamini? Hakuna mtu katika Israeli aliyejua kuliko yeye kwamba mfalme hasikilizi kesi.

Yoabu, jemadari wa Daudi, pia anastahili mstari. Abneri alimwua Asaheli nduguye Yoabu vitani, baada ya kumsihi mara mbili aache kumfuata. Abneri alipokuja kufanya amani na Daudi, Yoabu alimwita kando katika lango la Hebroni kama anayetaka kumnong'oneza, akampiga tumboni. Daudi alilia, akafunga, akamlaani Yoabu na nyumba yake, kisha akakiri kwamba yeye ni dhaifu ingawa ametiwa mafuta, na wana wa Seruya, yaani Yoabu na nduguye, ni wagumu kumshinda. Hukumu hiyo aliiacha iwe wosia kwa Sulemani.

Yakobo naye alihukumu akiwa kitandani pa kufia. Katika Mwanzo 49 aliwaita wanawe akafika kwa Simeoni na Lawi: panga zao ni silaha za jeuri, nafsi yangu isiingie katika shauri lao, na ilaaniwe hasira yao kwa kuwa ilikuwa kali, nitawagawa katika Yakobo, nitawatawanya katika Israeli. Maneno mazito, yenye ukweli, na yaliyochelewa miaka mingi. Hata hapo Dina hatajwi.

Laana ilitimia kwa njia mbili tofauti. Kabila la Simeoni lilihesabiwa jangwani watu 59,300 katika hesabu ya kwanza ya kitabu cha Hesabu, na 22,200 katika ya pili; urithi wake ukaangukia ndani ya mpaka wa Yuda. Lawi hakupata jimbo. Alitawanywa katika miji 48, akawa kabila la makuhani na watunza hema. Na miongoni mwa miji hiyo, katika Yoshua sura ya 21, Walawi walipewa Shekemu.

Nao haukuwa mgao wa kawaida. Shekemu, pamoja na Hebroni, ule mji ambao langoni mwake Abneri aliuawa, ni miongoni mwa miji sita ya makimbilio. Mtu akiua bila kukusudia angekimbilia huko, asimame langoni, aeleze habari yake masikioni mwa wazee, naye mwenye kulipiza kisasi cha damu asiweze kumgusa mpaka ahukumiwe mbele ya mkutano. Wazao wa Lawi walipewa walinde lango ambalo baba yao alilipita na upanga, na kazi yao hapo ni kumzuia ndugu mwenye uchungu asiue kabla kesi haijasikilizwa. Sijui kama kuna sheria nyingine katika torati inayowafahamu Simeoni na Lawi vizuri hivi. Haikuwaambia wasiumie. Iliwapa lango, wazee na mkutano, vitu ambavyo mahemani kwa Yakobo havikuwepo.

Ila miji ile sita ilikuwa ya wauaji. Mtu kama Dina au Tamari hakuandikiwa mji. Tamari alikaa ukiwa katika nyumba ya Absalomu, na mwenye nyumba hiyo baada ya kisasi alikimbilia Geshuri kwa babu yake miaka mitatu, akarudi, akaasi, akafa msituni Efraimu akining'inia mtini. Kabla ya kufa, huyu mlipiza kisasi wa dada yake alipigiwa hema juu ya dari ya jumba la mfalme Yerusalemu, akaingia kwa masuria kumi wa baba yake mbele ya macho ya Israeli wote. Ulikuwa ushauri wa Ahithofeli, mshauri wake, ndiyo. Lakini miguu iliyopanda darini ilikuwa yake. Daudi aliporudi madarakani aliwatia wale wanawake kumi katika nyumba yenye ulinzi, akawapa chakula, wala hakuingia kwao tena, wakakaa wamefungwa hadi siku ya kufa kwao. Hakuna aliyehukumiwa kwa ajili yao pia.